Kinyesi Kwanza, Dawa Baadaye

Barua ya wazi kwa Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri za Wilaya za Ngara na Biharamulo, na kwa Mhifadhi Mkuu wa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato

Yah: Ufuatiliaji wa minyoo na vimelea vya tumbo kwa ndege wa kufugwa, wa bustani na wa porini

Waheshimiwa,

Tausi akiuawa na vimelea vya tumbo, mwenye nyumba huwa wa mwisho kujua. Ndege huacha kula, hujitenga na wenzake, mabawa yakashuka, kinyesi kikageuka majimaji ya njano iliyokolea. Jirani mmoja atasema ni mdondo, mwingine atasema kalishwa pumba zilizoota ukungu. Siku chache baadaye ndege amekufa, anafukiwa nyuma ya nyumba, na kwa kuwa hakuna aliyempasua, hakuna aliyeona ini lenye madoa ya duara wala ile mifuko miwili ya mwisho wa utumbo ilivyovimba. Kuku waliokuwa wakichakura naye uwanja mmoja wanaendelea na maisha yao, wazima. Wao ndio waliomwambukiza.

Njia ya ugonjwa huu si siri. Mwaka 1895 mtafiti wa Marekani, Theobald Smith, alikieleza kimelea chenyewe, kijidudu cha chembe moja kiitwacho histomonasi. Mwaka 1920 yeye na mwenzake Graybill wakaonyesha kinavyosafiri: hujificha ndani ya yai la mnyoo mdogo, heterakisi, asiyezidi urefu wa sentimita 1.5 hivi, anayeishi mwishoni mwa utumbo wa kuku. Kuku humbeba mnyoo huyo bila shida kubwa. Mayai hutoka na kinyesi na kukaa udongoni miezi mingi. Nyungunyungu akiyameza, yanaanguliwa na mabuu yanabaki hai ndani yake, yakimsubiri ndege wa kumla nyungunyungu huyo. Akiwa kuku, mara nyingi hakuna litakaloonekana. Akiwa tausi au bata mzinga, ini linaoza angali hai. Dawa zilizokuwa zikitibu au kuzuia histomonasi zimepigwa marufuku au zimeondolewa sokoni katika nchi nyingi kwa mifugo inayoliwa. Marekani iliipoteza ya mwisho mwishoni mwa mwaka 2015. Kilichobaki ni kumjua mnyoo kabla hajasambaa, na mnyoo hajulikani kwa kumtazama ndege usoni. Anajulikana kwa kuchunguza kinyesi.

Hilo ndilo ombi la barua hii. Kila ndege anayefungiwa au kufugwa kwa ajili ya watu kumtazama, katika wilaya zenu na kandokando ya hifadhi, kinyesi chake kichunguzwe kwa ratiba, matokeo yaandikwe, na dawa itolewe baada ya hesabu ya mayai kusomwa. Uchunguzi huohuo ushuke mpaka kwa kuku wa kijijini, maana minyoo haijui mpaka kati ya banda la mama wa Rulenge na kizimba cha hoteli.

Kuna atakayeuliza Ngara na Biharamulo zinahusianaje na ndege wa bustani. Wakazi wa Kanda ya Ziwa walio wengi, neno bustani ya wanyama linawapeleka Saanane, kile kisiwa cha mawe mbele ya jiji la Mwanza, kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini, na kupandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Wilaya zenu hazijawahi kuwa na kitu cha ukubwa huo. Lakini mambo yamebadilika haraka. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707, inayogusa Ngara, Biharamulo, Karagwe, Muleba na Chato. Hifadhi ikija, huja na nyumba za wageni, na nyumba ya wageni yenye bustani hutamani ndege wa kupendezesha uwanja: tausi, kanga, bata wa rangi, njiwa, na penye mwanya, korongo taji aliyetolewa bwawani angali kifaranga.

Tausi nao wana historia yao katika ukanda huu. Mei 2020, Ikulu ya Chamwino, Rais John Magufuli aliwagawia marais wastaafu na Mama Maria Nyerere tausi waliozaliana Ikulu. Nchi nzima ilizungumza. Yeye mwenyewe alianza ubunge mwaka 1995 katika jimbo la Biharamulo Mashariki, kabla Chato haijamegwa kuwa wilaya. Tangu siku ile hamu ya tausi imekuwa kubwa, na anayempata huyo ndege humweka pale alipo na nafasi, yaani uwanja uleule wanaoshinda kuku. Kwa upande wa minyoo, hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kumweka.

Kanga wanastahili neno lao. Mayai ya kanga wa porini huokotwa na kuatamishwa chini ya mtetea wa kienyeji. Ni ufundi wa zamani na wenye akili, kwa kuwa kanga jike akifungiwa mara nyingi hukataa kuatamia vizuri. Vifaranga hutoka wakimfuata kuku kama mama yao, wakichakura alipochakura, wakinywa alipokunywa. Wakikua, baadhi hurudi kichakani na kuchanganyika na kundi la porini. Hakuna daraja fupi kuliko hilo kati ya utumbo wa kuku wa Nyakahura na utumbo wa ndege wa hifadhi, na linavukwa pande zote mbili.

Na hao kuku wana minyoo kiasi gani? Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakishirikiana na wenzao wa Denmark, waliwapasua kuku wa kienyeji wa mkoa wa Morogoro, wa majira tofauti na wa maeneo tofauti ya hali ya hewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997: karibu kila kuku alikuwa na minyoo, na wengi walikuwa na aina kadhaa kwa pamoja. Morogoro si Kagera. Lakini hakuna sababu ya kudhani kwamba kuku wa Kagera, anayeishi huria vilevile, ana bahati zaidi. Mandhari yenyewe ya Ngara yanaongeza wasiwasi. Nyumba za Wahangaza na Washubi zimezungukwa na migomba. Chini yake kuna majani yaliyooza, kivuli mchana kutwa, unyevu usiokauka na nyungunyungu tele, na kuku wanashinda humo tangu asubuhi. Mayai ya minyoo huogopa jua kali na ukavu. Migombani hayaoni hata kimoja. Biharamulo, yenye miombo na udongo unaokauka upesi wakati wa kiangazi, ina afueni ya miezi kadhaa, kisha mvua zikifunguka yanayobaki hai huendelea palepale yalipoachia.

Ugonjwa mwingine unaojulikana vijijini ni kuhara damu. Huo hauletwi na minyoo bali na kokisidia, vijidudu vya jamii ya eimeria, na vifaranga ndio wanaoumia. Kijiyai chake kikitoka na kinyesi kinahitaji joto, hewa na unyevu, na ndani ya siku moja au mbili kimekomaa tayari kwa kumezwa. Dawa nyingi za kawaida za kusafishia banda hazikiui. Maji ya moto, moto wa gesi na ukavu ndivyo vinavyokiweza. Ndege waliofungiwa wengi mahali padogo, juu ya takataka zenye unyevu, wanameza kila siku walichokitoa jana.

Sasa tufike kwenye dawa, maana hapo ndipo barua hii inapokuwa na uchungu. Maduka ya dawa za mifugo ya Ngara mjini, Biharamulo, Nyakanazi na Kabanga yanauza dawa za minyoo kwa mtu yeyote mwenye fedha, na desturi imekuwa kuwapa ndege dawa kila baada ya miezi mitatu, minyoo iwepo isiwepo, kwa kukadiria kwa kifuniko cha chupa. Mfugaji hana kosa, ndivyo alivyoelekezwa. Lakini kuna madhara matatu yanayofuata. La kwanza, dozi pungufu inayorudiwarudiwa inawaacha hai minyoo sugu, na hao ndio watakaozaa. La pili, dawa nyingi za minyoo haziziwezi kokisidia hata kidogo, kwa hiyo mtu anatibu kuhara damu kwa dawa ya minyoo, vifaranga wanakwisha, na lawama inaangukia chanjo. La tatu linawahusu hasa ndege wa bustani: dawa iliyo salama kwa kuku inaweza kumuua ndege mwingine. Fenbendazoli, inayotumiwa kila siku kwa mbuzi na kuku, imeripotiwa kuharibu uboho wa mifupa kwa njiwa, kwa baadhi ya korongo akiwemo korongo mfuko shingo, na kwa tumbusi. Akipewa ndege anayeota manyoya mapya, manyoya yanaweza kutoka yamepinda. Mwenye hoteli anayemimina kifuniko kimoja kwenye chombo cha maji kinachonywewa na kuku, njiwa na korongo taji kwa pamoja hajui anafanya nini, na hakuna afisa aliyewahi kumwambia.

Kipimo chenyewe ni rahisi kiasi kwamba kutokuwepo kwake kunasikitisha. Kinachotakiwa ni hadubini, chumvi ya jikoni, maji, chujio la chai, mizani ndogo na kioo maalumu cha kuhesabia. Chumvi inakorogwa majini mpaka igome kuyeyuka. Gramu 3 za kinyesi kibichi zinavurugwa katika mililita 42 za maji hayo, zinachujwa, na kioo kinajazwa. Maji ya chumvi ni mazito kuliko mayai ya minyoo mingi, hivyo mayai yanaelea na kujipanga chini ya kioo cha juu. Baada ya dakika chache msomaji anahesabu yaliyomo ndani ya mistari ya vyumba viwili na kuzidisha kwa 50, anapata idadi ya mayai katika kila gramu ya kinyesi. Njia hii inaitwa McMaster, kwa jina la maabara ya Sydney ilikobuniwa mwaka 1939 kwa ajili ya kondoo, na bado inafundishwa katika vyuo vya mifugo duniani kote kwa sababu haijapata mshindani kwa urahisi wake.

Anayeweka jicho kwenye hadubini hukutana na vitu tofauti. Yai la askaridia, mnyoo mrefu wa kuku, ni la duaradufu lenye ganda nene laini. La heterakisi linafanana nalo kiasi cha kumchanganya hata mzoefu, ndiyo maana ndege aliyekufa lazima apasuliwe, mifuko ya mwisho wa utumbo ifunguliwe na minyoo yenyewe ionekane. Yai la mnyoo aitwaye kapilaria lina vizibo viwili, kimoja kila ncha, na halikosewi. Vijiyai vya kokisidia ni vidogo zaidi, vya mviringo, na mara nyingi ni vingi sana. Tegu ni wajanja: mayai yao huelea kwa nadra, kwa hiyo kinyesi kikaguliwe kwanza kwa macho, kikiwa bado kibichi, kuona kama kuna vipande vyeupe vinavyojisogeza. Anayechunguza avae glovu. Minyoo hii ya ndege kwa kawaida haimshiki binadamu, lakini salmonela iliyomo kwenye kinyesi inamshika.

Saa ya kukusanya nayo ina maana. Kwa ndege wengi wadogo wa jamii ya shomoro na chiriku, kokisidia wa aina ya isospora hutoa vijiyai vyake hasa alasiri kuelekea jioni. Anayeokota kinyesi chao saa mbili asubuhi anaweza kuandika kwamba ndege ni safi, akaokota tena saa kumi na moja jioni kwenye tundu lilelile na kukuta kioo kimejaa. Vilevile mnyoo hatagi kila siku kwa kiwango kimoja, kwa hiyo kinyesi cha siku tatu mfululizo kikichanganywa kinaaminika kuliko cha siku moja. Tena kuna kipindi cha ukimya: kokisidia huonekana kinyesini siku 4 hadi 7 baada ya kumezwa, lakini askaridia huchukua wiki 5 hadi 8 kukomaa na kuanza kutaga. Ndege mpya aliyeletwa jana kutoka Kahama au Bukoba, kipimo chake cha leo kikiwa kitupu, hakijathibitisha chochote. Atengwe siku 30, apimwe zaidi ya mara moja, kisha apimwe tena mwezi wa pili. Na akipewa dawa, arudiwe kupimwa baada ya siku 10 hadi 14 ili ijulikane kama dawa imefanya kazi. Kipimo hicho cha marudio ndicho kinachofichua usugu, na ndicho kinachorukwa kuliko vyote.

Mfano ulio jirani kabisa uko ng'ambo ya mto Kagera. Nchini Rwanda korongo taji walikuwa wakikamatwa na kufugwa majumbani na mahotelini kama mapambo, wamekatwa mabawa. Mwaka 2014 daktari wa mifugo Olivier Nsengimana alianza kazi ya kuwatoa. Wenye ndege waliombwa kuwasajili bila kuadhibiwa, ndege wakavishwa pete za utambulisho, wakapimwa afya, wakawekwa karantini, na waliofaa wakapelekwa Hifadhi ya Akagera, iliyopakana na Tanzania. Walemavu wasioweza kuruka, zaidi ya 50, wamepewa makao yao katika kijiji cha Umusambi, Kigali, kwenye ardhi oevu iliyofufuliwa, ambako watu huenda kuwaona. Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu korongo taji 487 nchini humo. Ya mwaka 2023 ilihesabu 1,293. Ndege hao hawana pasipoti. Anayelala Akagera anaweza kula upande wa Tanzania. Uchunguzi wa afya uliofanywa kule kwa gharama na uvumilivu unaweza kuharibiwa na kizimba kimoja kichafu huku.

Ni kweli kokisidia ni hatari kwa korongo kuliko wengi wanavyodhani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika kituo cha utafiti cha Patuxent, Maryland, nchini Marekani, ambako korongo adimu walikuwa wakizalishwa ili kuiokoa jamii iliyokaribia kutoweka, watafiti waligundua kwamba eimeria wa korongo haishii utumboni. Hupenya hadi kwenye ini, mapafu na viungo vingine, na kuwaua vifaranga. Tangu hapo vituo vinavyozalisha korongo hupima kinyesi kama sehemu ya kazi ya kila siku. Korongo taji wetu, aliyeingizwa mwaka 2012 katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani, anastahili uangalizi usiopungua huo.

Hata nchini mwetu, na jirani kabisa, kazi ya kusoma kinyesi imeshafanywa kwa mafanikio. Kisiwa cha Rubondo kilipokea sokwe kutoka bustani za wanyama za Ulaya kati ya mwaka 1966 na 1969, chini ya mradi wa mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek na Shirika la Zoolojia la Frankfurt. Miongo minne baadaye watafiti, wengi wao wa Jamhuri ya Cheki, walikuwa wakifuata nyayo za vizazi vya sokwe hao msituni, wakiokota kinyesi bila kumgusa mnyama hata mmoja, na mwaka 2010 wakachapisha orodha ya vimelea vya tumbo walivyovikuta. Rubondo hiyohiyo ilipokea mwaka 2000 kasuku wa kijivu waliokamatwa wakisafirishwa kimagendo. Kila mnyama anayetoka kizuizini kwenda porini huenda na tumbo lake na vilivyomo. Burigi-Chato, iliyopoteza wanyama wengi kwa uwindaji baada ya wimbi la wakimbizi la mwaka 1994 katika kambi ya Benaco na kwingineko, inajengwa upya sasa. Ni wakati mzuri wa kuweka utaratibu kabla ndege na wanyama wa kuhamishwa hawajawa wengi.

Barua hii inajua bajeti za halmashauri zilivyo. Inajua pia kwamba mdondo unaua kuku wengi kwa siku moja kuliko minyoo inavyoua kwa mwezi, na hakuna afisa mifugo mwenye akili atakayeuacha mdondo akimbilie kuhesabu mayai. Lakini kazi hizi mbili zinaweza kwenda kwa mguu mmoja. Chanjo ya mdondo ya matone ya I-2, inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania kule Kibaha, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo iliyozinduliwa mwaka 2025 imeleta chanjo ya kuku bila malipo. Mchanjaji anayefika kwenye kaya kudondosha tone jichoni tayari ameshika kuku mkononi, na kuku aliyeshikwa mara nyingi hunya papo hapo. Mfuko mdogo wa plastiki, kalamu ya wino usiofutika, jina la kitongoji na tarehe. Kinyesi kinawekwa kwenye boksi la baridi lilelile lililoleta chanjo, katika chumba chake cha pembeni, kikafika wilayani jioni. Kaya kumi katika kila kata zinatosha kuanza kuonyesha picha ya wilaya.

Hadubini zipo. Baadhi ya zahanati na vituo vya afya vina hadubini zilizopungukiwa kazi tangu vipimo vya haraka vya malaria vilipoenea, na maabara za shule za sekondari zinazo. Halmashauri inaweza kuomba moja, ikaiweka ofisi ya mifugo na kuikabidhi kwa mtu mwenye jina, anayewajibika. Watu wa kuisoma nao wapo. Kampasi ya Kikulula, Karagwe, ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo inafundisha vijana ambao lazima waende mafunzo kwa vitendo. Wawili wakipelekwa Ngara na wawili Biharamulo kila msimu wa mvua, kazi itakwenda. Sampuli zenye utata zitumwe kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, Mwanza. Ni safari ya basi la siku moja.

Kwa Mhifadhi Mkuu ombi ni jembamba zaidi. Nyumba yoyote ya wageni inayotaka kuweka ndege ndani au kandokando ya hifadhi ionyeshe kwanza kibali chake, mahali pa karantini na daftari la vipimo, na mkaguzi alifungue daftari hilo kabla ya kutazama mandhari. Tausi na kanga wa bustani wasichanganywe na kuku, wala wasiwekwe kwenye uwanja waliokaa kuku mwaka huo. Vizimba vijengwe juu ya sakafu inayokauka au vihamishwe mara kwa mara, na kinyesi kizolewe kila siku, maana kinachozolewa leo hakijapata muda wa kukomaa na kuambukiza. Kanga na kwale wanaookotwa wamekufa ndani ya hifadhi wapasuliwe na kurekodiwa, kwa sababu ndege mmoja aliyepasuliwa vizuri hueleza mengi kuliko wiki nzima ya kubahatisha.

Wenye maduka ya dawa wasisahauliwe. Wao ndio madaktari wa mifugo wa watu wengi, tupende tusipende. Ofisi ya mifugo iwaite, iwaonyeshe mayai ya minyoo kwenye hadubini kwa macho yao, iwape jedwali la dozi kwa uzito na orodha ya ndege wasiopaswa kupewa fenbendazoli. Mwenye duka aliyewahi kuona kokisidia kwenye kioo hatamuuzia mama dawa ya minyoo kwa ajili ya vifaranga wanaohara damu. Atamwambia alete kinyesi.

Mzunguko wa kwanza unaweza kufanyika kabla ya masika na wa pili masika yakiwa yamekolea, ili tofauti ya majira ionekane kwa takwimu za Ngara na Biharamulo zenyewe badala ya kuendelea kuazima za Morogoro. Matokeo yabandikwe kwenye ofisi za kata, kitongoji kwa kitongoji bila majina ya kaya, na wafugaji waelezwe nani atibu, nani asubiri, na kwa dawa ipi. Halmashauri zinaombwa kuliingiza jambo hili katika kikao kijacho cha kamati ya uchumi, zikitaja mtu atakayeshika daftari na tarehe ya kuanza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwandishi

Nakala: Kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, Mwanza, Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, Kampasi ya Kikulula, Maafisa Mifugo wa Kata, Ngara na Biharamulo